Uhakiki wa Istilahi: 'Plagi ya Moto' na 'Plagi ya Baridi'

Kijitabu tunachokihakiki hapa kina kurasa chache tu. Tulikikuta katika karakana ya kando ya barabara huko Kinyerezi, Dar es Salaam, kimekunjwa mara nne na kulowa oili. Ni maelezo ya Kiswahili ya injini ndogo inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, kama zile za misumeno ya kukatia miti na mashine za kufyekea majani. Mfasiri wake anakijua Kiswahili vizuri. Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo fundi aliyekifuata kwa uaminifu aliishia kununua plagi tatu, na injini ikaendelea kuzimika.

Tuanze na jambo dogo. Kijitabu chaagiza: 'Hakikisha kuwa nafasi ya plagi ni sahihi.' Fundi akaikaza plagi mahali pake, akaridhika. Hakukosea, maana nafasi ni mahali. Kilichokusudiwa ni ule upenyo, ambao kwa kawaida haufiki hata milimita moja, ambamo cheche huruka baina ya elektrodi mbili. Mafundi huuita gepu, nasi tunalo neno mwanya, ambalo kila mtu hulitumia kwa meno. Kwa nini likaachwa?

Kosa kubwa limo katika ukurasa wa pili: 'Wakati wa baridi tumia plagi ya moto.' Shauri hili lina asili yake. Injini za jamaa hii hufungwa pia katika vyombo vya kusafiria juu ya theluji, na huko dereva akienda polepole katika baridi kali, plagi hushika masizi na cheche hupotea. Msomaji wa Kinyerezi, ambako baridi ya namna hiyo haijulikani, alihitimisha kwa mantiki safi kabisa kwamba yeye basi anastahili plagi ya baridi, na tena iliyo baridi kuliko zote. Akaifunga.

Ukweli ni kwamba maneno hayo mawili hayasemi lolote juu ya hali ya hewa, wala hayasemi kwamba plagi moja huwasha moto mkali kuliko nyingine. Yahusu jinsi plagi inavyopitisha joto. Ile iitwayo ya moto ina pua ndefu ya kihami, na joto hukawia kuondoka katika ncha yake. Ile ya baridi ina pua fupi, na joto hukimbilia upesi kwenye kichwa cha silinda. Ncha isipofikia takriban nyuzi 450 za Sentigredi, masizi na oili haviungui vikaisha. Ikipita takriban nyuzi 850, petroli yaweza kuwaka kabla ya cheche, na pistoni ikatoboka. Injini hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hudai cheche 100 kila sekunde, na oili imo katika kila pumzi yake. Kuipa plagi inayopoteza joto kupita kiasi, nayo yafanya kazi nyepesi, ni kuizima kwa mikono yetu wenyewe. Mwenye mashine alilaumu plagi bandia. Bandia zipo madukani, hatukatai, ila safari hii zilisingiziwa.

Kwa hiyo twapendekeza plagi tunzajoto na plagi toajoto. Si maneno matamu, twakiri, lakini hayampotoshi mtu. Plagi yenyewe tungependa ibaki ilivyo. Wapo wanaotaka kiwashio, kwa hoja kwamba plagi ni ile ya ukutani. Lakini hata Kinyerezi, penye mitambo ya kufua umeme kwa gesi, hatujamsikia mtu akizichanganya hizo mbili gereji. Katika nyaraka yatosha kuandika plagi ya injini mara ya kwanza.

Kijitabu chatumia pia 'plagi chafu' kwa kila ugonjwa. Hapo mafundi wametutangulia mbali. Wao husema imelowa, ikiwa ni petroli, ina oili, imeshika masizi, au imeungua, ikiwa ncha imekuwa nyeupe. Kila neno lina dawa yake. Iliyolowa hukaushwa, yenye oili hutuma mtu akakague mchanganyiko wake, iliyoungua haisafishwi, hubadilishwa. Mfasiri aliyekaa ofisini na kamusi angeweza kuyapata maneno haya yote kwa nauli ya daladala.

Limebaki jedwali la namba. Kijitabu chasema namba kubwa ni plagi ya moto. Kwa Bosch na Champion ndivyo; kwa NGK na Denso ni kinyume chake, namba ikipanda plagi hutoa joto zaidi. Jedwali hilo halitaji ni la mtengenezaji yupi, na plagi zilizokuwa juu ya meza ya fundi zilikuwa NGK.