Mazimwi Yanayosema na Mtumishi Asiyesema: Usawiri wa Mwafrika katika Tamthilia ya Televisheni ya Penny Dreadful

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usawiri wa mhusika Sembene katika tamthilia ya televisheni ya Penny Dreadful (2014–2016), iliyojengwa kwa wahusika wa riwaya za kutisha za Uingereza za karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba tamthilia hiyo imeyapa mazimwi ya fasihi ya Kiingereza sauti na historia, lakini imemnyima vitu hivyo Mwafrika anayeishi nayo nyumba moja. Uchambuzi umeongozwa na dhana ya mwingilianomatini pamoja na nadharia ya baada ya ukoloni. Makala yanahitimisha kuwa unyamavu wa Sembene si dosari ya uchoraji wa mhusika mmoja tu, bali ni alama ya mahali ambapo huruma ya kazi nzima inakoma.

1.0 Utangulizi

Penny Dreadful ilibuniwa na John Logan na kuonyeshwa kwa misimu mitatu yenye jumla ya sehemu 27. Jina lake linatokana na vijitabu vya hadithi za kutisha vilivyouzwa kwa peni moja katika Uingereza ya karne ya 19, kama vile hadithi ya Varney mnyonya damu iliyotolewa kwa mfululizo kati ya mwaka 1845 na 1847. Mandhari yake ni London ya mwaka 1891. Humo wanakutana Victor Frankenstein na kiumbe chake kutoka riwaya ya Mary Shelley (1818), Dorian Gray wa Oscar Wilde (1890), na Mina na Dracula wa Bram Stoker (1897). Katika msimu wa tatu anaongezeka Dkt. Jekyll wa Robert Louis Stevenson (1886). Pamoja nao wamo wahusika waliobuniwa upya: Vanessa Ives, mwanamke anayeandamwa na nguvu za giza, Ethan Chandler, Mmarekani anayegeuka mbwamwitu, Sir Malcolm Murray, mpelelezi wa bara la Afrika, na Sembene, mtumishi wake.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Neno zimwi limetumika hapa kwa kiumbe yeyote anayevuka mpaka wa ubinadamu, kwa kuwa hadithi za Kiswahili tayari zinalitumia kwa kiumbe anayetisha lakini pia anayezungumza, anayehadaa na hata anayeoa. Neno mnyonya damu limechaguliwa badala ya mumiani kwa makusudi. Mumiani katika kumbukumbu za Afrika Mashariki hakuwa mfu anayefufuka usiku. Alikuwa mtu aliyedhaniwa kuchukua damu ya watu kwa ajili ya wakubwa, na uvumi huo ulihusishwa na taasisi za kikoloni, kama Luise White alivyoonyesha katika utafiti wake wa mwaka 2000. Tofauti hiyo inakumbusha kuwa swali la nani ni zimwi hutegemea mahali anaposimama msimulizi.

2.0 Mkabala wa Nadharia

Dhana ya mwingilianomatini, iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, inashikilia kuwa kila matini hufumwa kwa matini nyingine na kuzigeuza. Dhana hiyo inasaidia kuona kile ambacho Penny Dreadful imekirithi na kile ilichokibadili. Haitoshelezi, hata hivyo, kueleza kile ambacho matini imekiacha nje. Kwa sababu hiyo imeunganishwa na swali la Gayatri Spivak (1988) kuhusu uwezekano wa mnyonge kusema na kusikika ndani ya maandishi ya wenye mamlaka.

3.0 Uchambuzi

3.1 Zimwi Kupewa Historia

Mchango mkubwa wa Penny Dreadful ni kuyasogeza mazimwi kutoka pembezoni hadi katikati ya usimulizi. Kiumbe cha Frankenstein si jitu lisilo na maneno ambalo filamu nyingi zimelizoesha. Kama ilivyo katika riwaya ya Shelley, ni msomaji wa mashairi anayemlaumu muumba wake kwa hoja. Tamthilia inampa kwanza jina la Caliban, kisha yeye mwenyewe anajiita John Clare, jina la mshairi wa Kiingereza aliyetoka katika familia ya vibarua wa mashambani. Katika msimu wa tatu anakumbuka kwamba aliwahi kuwa na mke na mtoto. Mtoto huyo anapofariki, anakataa kumpeleka kwa Frankenstein ili afufuliwe. Uamuzi huo unamfanya kuwa mwadilifu kuliko daktari aliyemuumba.

Hali ni hiyo hiyo kwa Brona Croft, kahaba Mwairishi mwenye kifua kikuu anayefufuliwa na kuitwa Lily. Waliomfufua wanataka bibi harusi mtiifu. Yeye anawageuka, anawakusanya wanawake walioteswa, na mwishoni anamweleza Frankenstein habari za mtoto wake aliyekufa. Maelezo hayo ndiyo yanayomfanya Frankenstein amfungue. Hapa kusimulia ni kujikomboa: anayepata nafasi ya kueleza maumivu yake hutoka katika hadhi ya kitu na kuwa mtu. Kanuni hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, na kwa hiyo ndiyo kipimo halali cha kumpimia Sembene.

3.2 Sembene: Uwepo Usio na Simulizi

Sembene, anayeigizwa na Danny Sapani, yumo katika misimu miwili ya kwanza. Anafungua milango, anapika, anapigana na kulinda. Watazamaji wanaona makovu usoni mwake, lakini mambo yanayofunuliwa kuhusu maisha yake ni machache mno yakilinganishwa na ya wenzake. Vanessa anapewa sehemu nzima za kurudi nyuma katika ujana wake. Sembene hapewi hata moja.

Jina lake nalo linazua swali. Ni jina la ukoo linalofahamika Senegal, nchi ya mwandishi na mwongozaji filamu Ousmane Sembène, ilhali safari za Sir Malcolm zinahusu chanzo cha Mto Nile, upande wa pili wa bara. Pengine ni heshima kwa msanii huyo. Hata hivyo, kwa kuwa tamthilia haielezi namna mtu huyu alivyofika katika nyumba ya London, Afrika inabaki kuwa mahali pamoja pasipo mipaka, ambapo jina lolote laweza kutumika popote.

Kifo chake kinathibitisha hoja hii. Karibu na mwisho wa msimu wa pili, Sembene amefungiwa mahali pamoja na Ethan. Ethan anageuka mbwamwitu na kumuua. Matokeo ya tukio hilo yanasimuliwa kupitia hatia ya Ethan, anayejisalimisha kwa polisi, na majonzi ya Sir Malcolm, anayesafirisha jeneza kwenda Afrika. Kifo cha Mwafrika kinageuka kuwa sura katika maisha ya wengine. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha; Sembene aliishi na zimwi lililomjua, likamla, na hapakubaki hata simulizi lake.

3.3 Unguja na Jeneza

Msimu wa tatu unamkuta Sir Malcolm Unguja, baada ya kumzika Sembene. Hapa Unguja ni vichochoro vya hatari ambamo Mzungu mwenye huzuni anavamiwa na kuokolewa. Hakuna mwenyeji anayepewa nafasi ya maana katika usimulizi, wala mazishi yenyewe hayaonyeshwi.

Historia ya miaka hiyo inatoa picha tofauti. Burton na Speke walianzia safari yao Unguja mwaka 1857, na wapelelezi wa namna ya Sir Malcolm walitegemea wapagazi, wakalimani na viongozi wa misafara kama Sidi Mubarak Bombay. David Livingstone alipofariki mwaka 1873, Abdalla Susi na James Chuma walikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, nao ukavushwa Unguja na hatimaye kuzikwa London mwaka 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka huohuo na kutoa maelezo yaliyosaidia kuhariri shajara za mwisho za Livingstone. Tippu Tip naye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili.

Tamthilia imeugeuza msafara wa Susi na Chuma: safari hii ni Mzungu anayempeleka Mwafrika kwao. Wazo hilo lingeweza kuwa na nguvu kubwa. Linapungua kwa sababu wabebaji wa mwaka 1873 walisimulia, huku anayebebwa katika tamthilia ya karne ya 21 hana la kukumbukwa alilolisema. Kumbukumbu za karne ya 19, pamoja na ubaguzi wake wote, zimehifadhi sauti za Waafrika kuliko ubunifu unaokusudia kuzisahihisha.

3.4 Pingamizi na Mizani yake

Inaweza kudaiwa kuwa unyamavu wa Sembene ni heshima na siri, na kwamba uigizaji wa Sapani unaujaza uzito. Dai hili lina ukweli kwa upande wa uigizaji. Pia ni kweli kwamba tamthilia haimsafishi Sir Malcolm: mwanawe Peter alifia katika msafara wake wa Afrika, na kikao cha kuita roho za wafu katika msimu wa kwanza kinaifichua hatia hiyo mbele ya wageni. Lakini hata hapo, anayelia kutoka Afrika ni kijana wa Kiingereza.

Msimu wa tatu wenyewe unajibu pingamizi hilo. Kaetenay, mzee wa Kiapache anayeigizwa na Wes Studi, anazungumzia kuangamizwa kwa watu wake, na inabainika kuwa yeye ndiye asili ya umbwamwitu wa Ethan. Jekyll naye anasawiriwa kama mtoto wa mama Mhindi anayedharauliwa na Waingereza. Kwa hiyo waandishi waliujua uwezekano wa kumpa aliyetawaliwa sauti, na wakautumia. Walipofanya hivyo, Sembene alikuwa amekwisha kuzikwa.

4.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Penny Dreadful inafanikiwa inapowageuza walioogopwa kuwa wasimulizi wa maisha yao. Mafanikio hayo ndiyo yanayoifanya nafasi ya Sembene ionekane wazi, kwa maana katika kazi ambamo kusimulia ni kuwa mtu, asiyesimulia anabaki nje ya mlango anaoufungua kila siku. Kwa watafiti wa fasihi linganishi, funzo lililopo ni kutotosheka na kuhesabu Waafrika wanaoonekana kwenye skrini. Inafaa kuuliza nani kati yao amepewa wakati uliopita. Kwa fasihi ya Kiswahili, yenye maandishi ya watu walioishi katika misafara hiyo, swali hilo lina nyenzo za kujibiwa kutoka upande wa waliobeba mizigo.