Sifa ya Karata Inayotupwa

Katika rami, kuokota karata hakumtambulishi fundi. Rundo limefunikwa, na kitakachotoka kitatoka. Fundi hujulikana sekunde chache baadaye, akiwa na karata kumi na moja mkononi na kanuni ikimtaka abaki na kumi. Moja lazima ilale mezani, uso juu, na mpinzani ana haki ya kuichukua. Anayetupa haoni mkono wa mwenzake, hajui karata inayofuata kwenye rundo, na akishaachia hawezi kurudisha. Bado lazima achague. Naupenda mchezo huu kwa ajili ya hiyo karata moja, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Nitashika Jin Rami, ule wa watu wawili, kwa kuwa hakuna aina nyingine ya rami inayoubana uamuzi huo zaidi. Ulianzia New York mwaka 1909, na anayetajwa kuwa mwasisi wake ni Elwood Baker, mwalimu wa mchezo wa whist. Nyuma yake kuna Conquian, mchezo wa Mexico na wa Wamarekani wa upande wa mpakani, uliokuwa tayari umeingia katika vitabu vya michezo kabla karne ya 19 haijaisha. Kufika miaka ya 1940 waigizaji wa Hollywood walikuwa wakiucheza kati ya picha moja na nyingine, na Marekani nzima ikaufuata. Kanuni zake ni chache. Kila mmoja hupewa karata kumi. Unatafuta seti, yaani karata tatu au nne za namba moja, au mfululizo wa karata tatu na zaidi za rangi moja. Karata zisizopata mwenzake huhesabiwa dhidi yako: za picha kumi kumi, ree moja, nyingine kwa namba yake. Zikishuka hadi alama kumi au chini ya hapo, unaruhusiwa kugonga na kuufunga mkono.

Mgeni wa mchezo hutupa kwa kutazama mkono wake peke yake. Anauliza karata ipi haimfai, anaiachia, basi. Fundi naye huanzia hapo hapo, ila huanza kwa kuhesabu. Saba ya kopa inaweza kuingia katika mifululizo mitatu: tano-sita-saba, sita-saba-nane, saba-nane-tisa. Inaweza pia kuungana na saba mbili kati ya tatu zilizobaki, na hizo ni njia tatu nyingine. Jumla sita. Mfalme ana mfululizo mmoja tu, wa ghulamu, malkia na yeye mwenyewe, pamoja na njia zile tatu za kukutana na wafalme wenzake. Jumla nne, na ukikamatwa naye analipiwa alama kumi. Ndiyo maana mikono ya wajuzi hujaa karata za katikati. Umbo la mkono nalo lina uzito wake. Malkia na mfalme wa rangi moja wanangoja karata moja tu katika pakiti nzima, yule ghulamu wao. Saba ya kopa, nane ya kopa na nane ya shupaza zikiwa pamoja zinangoja nne: sita ya kopa, tisa ya kopa, nane ya uru, nane ya pau. Kwa macho ya haraka malkia na mfalme wanapendeza zaidi kwa kuwa wana picha na taji. Wengi huwang'ang'ania hadi wanagongewa wakiwa na alama ishirini mkononi.

Hesabu hiyo humalizika upesi, na hata mtoto wa shule anaimudu. Kazi yenyewe huanza unapouliza swali la pili: karata hii ninayoitupa inaweza kumfaa nani?

Tuchukue mfano. Uko zamu ya tatu, rundo lina karata 25, mezani zimeshatupwa sita, na mpinzani hajaokota hata moja kati ya hizo. Una karata kumi na moja. Unafikiria kuitupa nane ya uru. Ingekuwa mwanzo wa mchezo, ungesema ni hatari, kwani nane ni ya katikati na ina njia zote sita za kumkamilishia mtu kitu. Lakini tazama meza. Nane ya kopa na nane ya pau zimelala pale, kwa hiyo seti ya nane haiwezekani tena. Njia tatu zimekufa. Sasa tazama mkono wako mwenyewe: saba ya uru unayo. Basi hawezi kuwa anangoja nane kwa ajili ya sita na saba, wala kwa saba na tisa. Njia mbili nyingine zimekufa. Imebaki moja tu, kwamba ameshika tisa na kumi za uru. Karata usizoziona ni 35, na kumi kati yake ziko mkononi mwake. Uwezekano kwamba zote mbili ziko kwake haufiki 8 katika 100.

Sehemu hii ndiyo inayonivutia zaidi. Hujaiona hata karata moja ya mpinzani, lakini hatari imetoka njia sita ikawa moja, kwa ushahidi uliokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mkono wako ni shahidi wa kwanza, maana kila unachokishika ni kitu ambacho yeye hana. Meza ni shahidi wa pili. Shahidi wa tatu, anayesahaulika kuliko wote, ni kile ambacho mpinzani amekikataa. Umetupa sita ya pau, naye ameipita akaenda kuokota kwenye rundo. Amekueleza jambo: wakati ule hakuwa na sita mbili, wala tano na saba za pau. Ukipata sita nyingine zamu inayofuata, unaweza kuitupa kwa moyo mtulivu zaidi. Nasema zaidi, sisemi kabisa, kwa kuwa tangu hapo ameokota karata mpya moja. Mchezaji mzuri hukumbuka alichosikia, na hukumbuka pia alikisikia lini. Ushahidi wa zamu ya pili hauna nguvu ileile zamu ya nane.

Mpinzani naye anasoma, na hapo ndipo chambo huingia. Kama unaitaka kumi ya kopa, unaweza kuitupa kumi ya uru ukitumaini kwamba ataona kumi si hatari tena, naye akatoa ya kopa. Wajuzi wa Marekani wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, na dawa yake inajulikana: usiamini haraka karata iliyotupwa mapema mno na mtu anayejua anachokifanya. Lakini chambo kina bei yake. Kumi ya uru uliyoitoa inaweza kuwa ndiyo hasa aliyokuwa akiisubiri. Mimi hupendelea mchezaji anayetumia chambo mara chache, baada ya kuona kwamba mwenzake anasoma meza. Kumtegea asiyesoma ni kupoteza karata bure.

Kisha kuna suala la wakati. Zamu za mwanzo, kushika karata kubwa kidogo si kosa, kwani mpinzani naye huenda akazitupa na unaweza kuziokota. Kadiri rundo linavyopungua, kila karata ya picha iliyokaa peke yake inazidi kuwa deni. Tuseme umefika alama saba zamu ya nne. Ugonge sasa, au ungoje upate Jin, yaani karata zote kumi ziwe zimepangika, ambayo kwa kanuni nyingi za leo huleta nyongeza ya alama 25? Ukigonga mapema, huenda ukamkuta bado ameshika wafalme wawili na tisa moja. Ukingoja, huenda ukaipata Jin, au yeye akakuwahi. Ukigonga na kumkuta ana alama sawa na zako au chache zaidi, ushindi ni wake, pamoja na nyongeza. Na ikumbukwe kwamba aliyegongewa anaruhusiwa kuunganisha karata zake kwenye seti na mifululizo ya mgongaji, jambo ambalo Jin hulizuia. Kwa maoni yangu wachezaji wengi hungoja kupita kiasi. Jin ni tamu, na utamu wake huwafanya wasahau kwamba zamu ya nne mpinzani ana mkono mbovu kuliko atakavyokuwa nao zamu ya tisa.

Turudi kwenye ile nane ya uru. Umeitupa. Mpinzani anaichukua, anaiweka kando ya tisa na kumi, anagonga. Ile nafasi isiyofika 8 katika 100 imetokea. Je, ulikosea?

Hukukosea. Watu wengi hulikubali jibu hili kwa maneno, kisha wakigawa tena hawatupi nane hata iwe salama namna gani. Wanaadhibu uamuzi mzuri kwa sababu ya mwisho wake mbaya. Kinyume chake kina madhara makubwa zaidi: mtu anatupa ovyo, karata inapita, anashinda, anajiona hodari na kesho anarudia. Rami humfundisha anayetaka kufundishwa kwamba uamuzi upimwe kwa yaliyojulikana wakati wa kuufanya. Blaise Pascal na Pierre de Fermat walilijadili jambo linalokaribiana na hili katika barua zao za mwaka 1654, walipojiuliza jinsi ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Walihesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kwenda kuanzia pale ulipofika, wakaupa kila upande haki yake kwa hesabu hiyo. Mchezaji anayesita na karata kumi na moja mkononi anafanya kazi ileile, kwa haraka zaidi na bila kalamu.

Mahakama nayo imewahi kuutambua ufundi huu. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi iliyohusu klabu moja ya Secunderabad ambako watu walicheza rami ya karata kumi na tatu. Majaji walisema rami haiwezi kuwekwa kundi moja na michezo ya bahati tupu, kwa sababu mchezaji anapaswa kukumbuka karata zinazotoka na kujua ipi ya kushika na ipi ya kutupa. Nafurahi kwamba walitaja kutupa. Lakini waliongeza kwamba mwenye klabu akiifanya rami kuwa chanzo cha faida ya kamari, sheria inaweza kumfikia, nami naona walikuwa sahihi pia hapo.

Ninalisema hili kwa sababu ya Stu Ungar. Alizaliwa New York mwaka 1953, na katika Jin Rami alitisha kiasi kwamba ilifika wakati hakupata watu wa kucheza naye kwa fedha. Akahamia poka, akatwaa ubingwa wa dunia Las Vegas miaka ya 1980, 1981 na 1997. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli mjini humohumo, akiwa na umri wa miaka 45, fedha zake karibu zote zikiwa zimeishia kwenye dawa za kulevya na dau nyingine ambazo hakuwa na ufundi nazo. Kipaji chake hakikuwa na kosa. Ni meza ya fedha iliyomzoesha kutafuta dau popote, hata mahali ambapo hakuna cha kusoma.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kujaribu, tafuta pakiti ya karata, mwenzako mmoja na daftari, na fedha ziacheni mfukoni. Chezeni hadi 100. Pamoja na alama, kila inapokuwia vigumu kuchagua, andika karata uliyotupa na sababu yake, na uandike kabla mwenzako hajanyoosha mkono. Baada ya jioni kadhaa fungueni daftari na mzisome zile sababu peke yake, bila kutazama nani alishinda.