Nani Ameshika Daftari?

Kila mwanzo wa mwezi, takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, kutoka zahanati na vituo vya afya huingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kibondo wanabonyeza, Kasulu wanabonyeza, na wilaya nyingine vivyo hivyo. Hesabu hazigongani, na hilo halitokei lenyewe.

Tuseme ghala moja lina maboksi 100 ya dawa. Karani wa Kibondo anasoma 100, anatoa 30. Papo hapo wa Kasulu naye anasoma 100, anatoa 20. Wa kwanza anaandika 70. Wa pili anafuta, anaandika 80. Daftari linasema 80, rafuni yamebaki 50, na hakuna aliyekosea kutoa.

Mafundi wa programu wana dawa kadhaa za ugonjwa huu, zote huria. DHIS2 imeandikwa kwa Java, basi nianze na maktaba ya java.util.concurrent, iliyoingia Java 5 mwaka 2004 kwa juhudi za Doug Lea na wenzake. Dawa yake kuu ni kufuli: mwenye ufunguo ndiye anayeandika. Uzuri wake uko kwenye ConcurrentHashMap, kabati la data linalotumiwa na wengi kwa pamoja. Ukiandika, inafunga droo moja, si kabati zima. Anayesoma tu hazuiwi.

Erlang, lugha ya programu iliyozaliwa Ericsson na kufanywa huria mwaka 1998, inakataa daftari la pamoja. Mmoja analishika, wengine wanampelekea vikaratasi, naye anavisoma kimoja kimoja. Akianguka, yupo msimamizi wa kuweka mwingine mahali pake.

Lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, imefanya kusubiri kuwe rahisi: kila kazi huanza na takriban kilobaiti 2 za kumbukumbu. Java 21 ya mwaka 2023 ikafuata kwa nyuzi nyepesi, kazi za namna hiyo hiyo. Uzi unaongoja jibu huupisha mwingine. Mtandao unaposuasua, kazi kubwa ya seva ni kungoja, na hapo wepesi huo ni mali.

Kwa namba moja inayoguswa na wengi, nachagua kufuli. Panapotarajiwa kuharibika, vikaratasi. Penye kungoja kwingi, nyuzi nyepesi. Lakini zote nazipima kwa ghala lile: Kibondo atoe 30, Kasulu atoe 20, kisha niende rafuni nihesabu. Yakiwa 50, na daftari liseme 50.