Kibuyu si Tarumbeta ya Maskini

Nilipokuwa chuoni niliandika insha kuhusu mganda wa kwetu Ngumbo, na humo nikasema kwamba ngoma ile ni mwigo wa gwaride la Wazungu, na kwamba wazee wetu, kwa kukosa tarumbeta, walishika vibuyu. Nilipewa alama nzuri. Sentensi ile nimeishi nayo miaka mingi bila kuionea haya, hata nikaisema mbele ya wageni. Haya imenijia uzeeni, na aliyeniletea ni mashine ya Kijapani.

Mashine yenyewe ni sintesaiza iitwayo Korg MS-20. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1978, na mwaka 2013 kampuni ikaitoa tena kwa umbo dogo zaidi. Hiyo ndogo ndiyo niliyo nayo. Binti yangu aliniletea nilipostaafu, akidhani nitapigia nyimbo za kanisani. Ina vibonyezo 37, vifundo vingi vya kuzungusha, na upande wa kulia matundu ya kuchomekea nyaya kama simu za posta za zamani. Haina kumbukumbu. Ukiisha kuitengeneza sauti, ukagusa vifundo, sauti ile imekwenda na haitarudi, isipokuwa uwe umeichora katika daftari.

Nisimame kidogo hapa, kwa maana jambo hili la kukosa kumbukumbu ndilo lililonifundisha. Kwaya niliyoimba miaka ya tisini ilinunua kinanda cha umeme chenye sauti zilizokwisha tengenezwa: unabonyeza hapa, ni filimbi, unabonyeza pale, ni fidla, pengine, ni tarumbeta. Tulifurahi mno. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochagua, na nakiri kwamba katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni kitu gani kinachoifanya tarumbeta iwe tarumbeta. Tulipewa jibu kabla ya swali. Huo ndio mwigo hasa, nami sikuuona, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika kuutafuta kwenye vibuyu vya wajomba zangu.

Ujanja wa kwanza anaojifunza kila mtu kwenye mashine ya namna hii ni upepo na mawimbi. Unachukua kelele tupu, ile shaa ya redio iliyokosa stesheni, unaipitisha katika chujio, halafu chujio unalifungua na kulifunga polepole. Nilipofanya hivyo usiku wa kwanza nilishtuka: nilikuwa pwani ya Ngumbo, msimu wa kusi, ziwa limechafuka. Baada ya robo saa nikachoka. Kifaa kinacholifungua chujio huzunguka kwa mwendo mmoja kama pia, na Ziwa Nyasa halijapata kupiga mawimbi mawili yaliyo sawa. Ni ujanja wa kuwafurahisha wageni sebuleni.

Ngoma ilinipa adabu zaidi. Chujio la mashine hii ukilikaza mpaka mwisho huanza kulia lenyewe, mlio laini usio na mikwaruzo. Ukiufanya mlio huo uanze ghafla na kufa upesi, unapata kitu kama kidole kinachogonga debe. Bado si ngoma. Inakuwa ngoma pale tu unapoufanya mlio uanze juu kidogo na kuporomoka palepale. Kumbe ngozi halisi nayo ndivyo ilivyo: ikipigwa kwa nguvu hutanuka, hukaza, sauti hupanda kwa nukta, kisha hutulia chini. Nimecheza mbele ya ngoma tangu utotoni na sikuwahi kulisikia anguko lile mpaka nilipotakiwa kulijenga kwa mkono wangu.

Wako waliotangulia kukutanisha mashine na ngozi. Kundi la Nihiloxica la Kampala limeweka sintesaiza pamoja na ngoma za Kiganda, na sahani yao *Kaloli* ya mwaka 2020 imechukua jina la korongo yule mkubwa anayezunguka majalala ya mji ule. Nimeisikiliza mara nyingi. Kwa maoni yangu, nguvu yao iko pale mashine inapokubali kuwa nyuma, ikinguruma chini ya ngoma na kungoja zigeuke. Inapotandaza mawingu yake juu ya kila kitu, sikio langu huchoka. Hata hivyo, kazi yao ilinitia moyo nijaribu kibuyu.

Kwa msomaji asiyeijua ngoma yetu: katika mganda wanaume husimama kwa mistari, kaptura na soksi nyeupe, na mbele yao kuna ngoma kubwa na vibuyu vya kila ukubwa. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, huita ngoma hiyo malipenga. Kibuyu kina tundu la mdomo, na tundu jingine dogo lililofunikwa kwa utando wa buibui. Nilitafuta mlio wake wiki mbili. Wimbi la msumeno lilinipa nyuki chupani. Wimbi la mraba lilinipa honi ya baiskeli. Nikachanganya yote mawili, nikachora katika daftari, nikajisifu, nikafunga mzigo kwenda nyumbani.

Mjomba ana miaka themanini na ushee, na alikuwa mpigaji wa kibuyu kikubwa. Mashine hula volti 9 tu, kwa hiyo sola ya paa lake ilitosha. Nikampigia. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza:

"Mpwa wangu, nani anaimba humo ndani?"

"Hakuna mtu, Mjomba. Ni umeme."

"Basi ndiyo maana."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cheusi kwa moshi. Akanionyesha nilichokuwa nikikiona tangu utoto bila kukiona: kibuyu hakipulizwi. Mtu huimba ndani yake. Akautoa ule utando, akaimba, ikatoka sauti ya mzee tu, yenye kikohozi. Akaurudisha kwa mate, akaimba neno lilelile, na ua mzima ukajaa shaba.

Hapo nikakumbuka kwamba mashine yangu ina tundu la sauti ya nje, ambalo sikuwahi kuligusa. Nikachomeka maikrofoni, nikapitisha sauti yake katika chujio, nikafanya ukubwa wa sauti yenyewe ndio ulifungue. Kisha nikaongeza kifundo cha kuingilia kupita kiasi, mpaka vilele vya wimbi vikakatika. Mkwaruzo ukatoka. Utando wa buibui hufanya kazi hiyohiyo: huvuruga wimbi laini la koo na kuliongezea milio ya juu ambayo haikuwamo. Nikajaribu pia kuifanya mashine ifuate tuni yake. Ikarukaruka kama mbuzi, ikipanda oktavo asipopanda yeye. Mjomba akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Huyu hajui njia," akasema, "lakini anasikiliza."

Sasa nirudi kwenye insha yangu. Kwamba mganda una asili ya gwaride si uongo. Mwezi Agosti 1914 vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika mwambao wetu huu pale Liuli, meli Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann, na walioona bendi za askari walirudi nazo vichwani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alikataa kuzitazama ngoma hizi kama mchezo wa kuigiza Wazungu tu. Nilikisoma nikiwa mwanafunzi, nikadhani anatuonea huruma.

Kosa langu lilikuwa katika maneno mawili: "kwa kukosa." Mtu aliyeisikia tarumbeta, akaona kwamba uzito wake hauko katika shaba bali katika mkwaruzo ulio juu ya tuni, kisha akaupata mkwaruzo huo kwa buibui wa jikoni na koo lake mwenyewe, huyo hakukosa kitu. Alifanya nilichoshindwa kufanya kwa nyaya na vifundo kwa wiki mbili. Tena aliiacha sauti ya mwimbaji ndani ya ala, hata ukisimama mbali usiku unajua ni fulani anayeimba. Tarumbeta ya kinanda chetu cha kwaya ilikuwa ileile, apige nani.

Nimeichora katika daftari namna ya kuchomeka nyaya tulivyofanya siku ile. Mjomba ameagiza nirudi kiangazi na spika kubwa zaidi, kwa sababu, asema, tulichopata kinafaa kibuyu kidogo tu, na yeye hajapiga kibuyu kidogo tangu alipooa.