Juu ya Sheria ya Mwaka 1950 Iliyokataza Ndoa ya Wake Wengi

Kati yetu mapadri na makatekista kuna desturi moja katika kuhukumu sheria za Serkali. Tunauliza kwanza: sheria hii inasema kama Eklezya, ao inasema kinyume? Ikisema kama Eklezya, tunaisifu. Ikisema kinyume, tunailaumu. Na hapo tunaona kazi yetu imekwisha.

Nataka kuonyesha kwamba ulizo hili halitoshi. Sitachukua mfano wa sheria iliyo mbaya mbele ya macho yetu sote. Nitachukua sheria ambayo wakubwa wetu katika imani waliipokea kwa furaha, na ambayo sisi wenyewe, kama tungekuwa mahali pao, tungeipokea vilevile.

Tarehe 4 Aprili 1950 Serkali ya Ubelgiji ilitoa dekre juu ya ndoa ya wake wengi katika Kongo. Maneno yake makubwa ni machache. Kuanzia tarehe 1 Januari 1951, mtu yeyote asifunge ndoa mpya ya desturi kama ndoa yake ya kwanza haijavunjika. Akiifunga, ndoa hiyo ya pili ni bure, si kitu mbele ya sheria. Waliokuwa na wake wengi mbele ya tarehe ile waliachiwa ndoa zao, lakini katika miji mipya, ile isiyokuwa chini ya machifu, mwenye wake wengi alianza kufungiwa mlango. Miaka miwili nyuma, dekre ya tarehe 5 Julai 1948 ilikuwa imekwisha kulinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja iliyoandikishwa. Ile ya 1950 ilikuja kumaliza kazi.

Wamisionari wengi walikuwa wameomba sheria ya namna hii kwa miaka, na si vigumu kufahamu kwa nini. Fikiri katekista aliyefundisha kijijini tangu ujana wake. Anaona mzee mwenye ng'ombe anaongeza bibi wa nne, na vijana wake wa katekismu wanazeeka bila kuoa kwa sababu hawana mali ya kutoa. Anaona msichana aliyekuwa amejiandikisha kwa ubatizo anachukuliwa na kupelekwa katika nyumba ya mzee huyo, na jina lake linafutwa katika kitabu. Mtu huyo akisikia kwamba Bruxelles imekataza, atafanya nini kama si kumshukuru Mungu?

Kusudi la sheria lilikuwa jema. Hapa sina shaka, wala sitaki msomaji anifikirie vibaya. Bwana wetu Yesu Kristu, walipomwuliza juu ya talaka, aliwarudisha kwenye mwanzo: mume mmoja, mke mmoja, mwili mmoja. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika yale yaliyokusanywa kuwa nyongeza ya Summa yake, anapima neno hili kwa uangalifu. Kadiri yake, wake wengi hawazuii kabisa uzazi, lakini wanaharibu sana amani ya nyumba, na alama ya Kristu na Eklezya wanaiondoa yote. Eklezya haitabadili fundisho hili, na hakuna sababu ya kutamani libadilike.

Basi, kosa liko wapi? Katika masomo yetu ya morale tunakaa siku nyingi juu ya swali la 94 la Tomasi, linalohusu sheria ya asili. Halafu tunafika kwenye swali la 96 wakati mitihani imekaribia, na tunalipita mbio. Ni hasara. Katika kifungu cha pili cha swali hilo Tomasi anauliza kama sheria ya watu inapaswa kukataza vilema vyote vya roho. Anajibu hapana. Sheria inatungwa kwa ajili ya watu wengi, na sehemu kubwa yao hawajakamilika katika fadhila. Kwa hiyo inakataza mabaya mazito ambayo wengi wanaweza kuyaepuka, na hasa yale yanayodhuru wengine, kama kuua na kuiba. Ukimtwika mdhaifu mzigo wa mkamilifu, anasema, atautupa na kuanguka katika ubaya unaozidi ule wa kwanza. Ni ile hadithi ya divai mpya na viriba vikuukuu.

Watu wanaojua swali la 96 wanajua hasa kifungu hicho. Lakini kifungu cha nne kina maana zaidi kwa neno letu. Hapo Tomasi anatoa vipimo vitatu vya sheria ya haki. Kusudi lake liwe faida ya wote. Aliyeitunga asipite mamlaka yake. Na namna yake iwe ya haki, maana yake mizigo igawanywe kati ya watu kwa kadiri inayofaa. Kisha anaongeza jambo ambalo tunalisahau upesi: hata sheria inayotazama faida ya wote, ikigawanya mizigo vibaya, si ya haki.

Juu ya kipimo cha pili mtu angeweza kusema mengi, kwa maana hakuna Mkongo aliyewachagua watu waliotunga dekre ile. Naliacha. Nashika kipimo cha tatu: mzigo wa sheria ya 1950 ulimwangukia nani?

Tutazame kwanza mwanaume. Anayo bibi wa kwanza aliyeandikishwa, na sheria inamlindia ndoa hiyo. Akitaka wa pili, anamchukua. Hataandika neno popote. Akichoka naye, anamwacha bila tribinali, kwa sababu mbele ya sheria hakukuwa na ndoa. Kwa mtu mwenye dhamiri mbaya, dekre ile ilikuwa faida. Ilimpa mwanamke bila kumpa wajibu wa mume.

Sasa tutazame mwanamke yule wa pili. Kadiri ya desturi alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Kulikuwa na wazee waliopokea mali, na wazee hao waliweza kumwita mume na kumwuliza kwa nini mke wao halali njaa. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mazuri. Wivu na uchungu wa nyumba zile tunaujua. Lakini alikuwa mke, na mke anaweza kushtaki. Baada ya tarehe 1 Januari 1951, yule aliyeolewa kwa namna ileile, kwa mali ileile, na mara nyingi kwa amri ya baba ao ya mjomba, hakuwa mke tena mbele ya zuzi. Mwanamke alibaki palepale, jina lake la mke ndilo lililoondoka. Watawala wenyewe waliona mambo haya, na waliyaita ndoa ya wake wengi iliyojificha. Jina lilikuwa zuri, lakini liliwatazama wanaume waliojificha. Waliofichwa, hakuna aliyewatafutia jina.

Jina moja, kweli, walipewa, nalo lilikuwa baya. Serkali ya Wabelgiji ilikuwa na desturi ya kutoza kodi juu ya mambo iliyoyaita mabaya. Zamani, kwa sheria ya 1910, mwenye wake wengi alilipa nyongeza kwa wake waliozidi, na hivi hazina ilikula pamoja naye. Halafu katika miji ilikuja kodi juu ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Wajane waliingia humo, na walioachwa, na kila mwanamke ambaye hakuwa na mume katika karatasi. Sasa bibi wa pili angeandikwa wapi, ikiwa ndoa yake ni bure? Katika Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, watu wa Kiswahili, waliikataa kodi hiyo katika miaka ya 1950. Walisema inawaita malaya, na wao si malaya. Nasikitika kusema kwamba katika shauri lile wanawake Waislamu walitetea heshima ya mwanamke kwa nguvu kuliko Wakristu waliokuwa wameiomba sheria.

Mtu atanijibu: basi, unataka Serkali iache wake wengi waendelee? Hapana. Wengine wanakimbilia hapa maneno ya Mtakatifu Agostino. Katika kitabu chake juu ya mpango wa vitu, alichoandika mwaka 386, kabla ya kubatizwa, anasema kwamba ukiondoa malaya katika mji, tamaa zitavuruga yote. Tomasi analitaja neno hilo anapofundisha kwamba mtawala anaweza kuvumilia ubaya fulani ili kuepuka ubaya mkubwa zaidi. Fundisho ni la kweli, lakini mfano wa Agostino mimi siupendi. Ndani yake mji unakaa kwa amani kwa sababu wanawake fulani wamewekwa kubeba uchafu wa wanaume. Huo pia ni mzigo uliogawanywa vibaya. Mtawala anaweza kukosa haki kwa kukataza, na anaweza kukosa haki kwa kuvumilia, na katika njia zote mbili anayelipa ni yuleyule.

Mtu mwingine atasema: bibi wa pili naye amekosa, alijua kwamba mume ana mke. Pengine alijua. Lakini ni nani aliyepokea mali? Ni nani aliyekwenda kuomba? Sheria iliyotaka kweli kupunguza ndoa hizi ingemkamata mume kwa wajibu wake: umemchukua binti wa watu, basi utamlisha, na utalisha watoto wake, hata kama hutaitwa mume. Sheria ya namna hiyo haikubali ndoa ya pili. Inamwambia tu mwanaume bei ya tendo lake. Naamini ingezuia wengi kuliko neno «bure» lilivyozuia.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na dekre zilipita, lakini njia haikubadilika sana. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inashika mke mmoja, na inakataza ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjika. Ilifanya jambo moja kubwa ambalo Wabelgiji hawakulifanya: ilisema kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna ruhusa ya kumkana mtoto wako, awe amezaliwa katika ndoa ao inje. Mtoto aliyetambuliwa na baba yake akiwa hai anarithi pamoja na ndugu zake. Hilo ni tendo la haki, na sioni kwa nini hatulihubiri zaidi. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yalimwondolea mke amri ya kuomba ruhusa ya mume kwa kila tendo la sheria, nayo tuyasifu. Lakini mama wa yule mtoto wa inje, yule ambaye katika miji yetu wanamwita «biro ya pili», hayumo kati ya warithi. Mume akifa, mtoto anaingia katika nyumba ya kugawa mali na mama anasimama inje.

Kipimo hiki hakifungui mlango kwa kila kitu. Katika mabishano juu ya kutoa mimba, ambayo yaliongezeka kwetu baada ya Itifaki ya Maputo kutangazwa katika gazeti la Serkali mwaka 2018, wako wanaosema: Tomasi mwenyewe anafundisha kwamba sheria haikatazi kila dhambi. Wanasoma nusu. Kati ya mambo ambayo sheria haiwezi kuyaacha, Tomasi anataja kwanza kuua, na Papa Yohane Paulo II katika barua yake Evangelium vitae ya mwaka 1995 alikubali kwamba kazi ya sheria ya watu ni ndogo kuliko ile ya sheria ya Mungu, lakini hakukubali kwamba inaweza kuacha uhai bila ulinzi. Hata hivyo ulizo la mzigo linabaki. Sheria yetu ya makosa inamwadhibu anayetoa mimba, na inamwadhibu msichana. Yule mwalimu ao yule bwana mkubwa aliyempa mimba na kumfukuza, mara nyingi analala kwake salama. Anayetetea sheria ile bila kusema neno juu ya huyu, ametetea nusu ya haki.

Nimesema juu ya Serkali. Lakini sisi wenyewe je? Eklezya ilikutana na neno hili mbele ya Wabelgiji. Papa Paulo III mwaka 1537 na Papa Pio V mwaka 1571 walitoa ruhusa kwa ajili ya wapagani wenye wake wengi waliotaka kubatizwa. Leo ruhusa hizo zimo katika kanuni ya 1148 ya kitabu cha sheria za Eklezya cha mwaka 1983. Mwanaume asiyebatizwa, mwenye wake kadhaa wasiobatizwa, akipokea ubatizo, na ikiwa ni vigumu kwake kukaa na yule wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja wao na kuwaacha wengine. Neno hilo tunalijua sana. Lakini kanuni ina sehemu ya tatu. Askofu anaagizwa aangalie kwamba yule wa kwanza na wengine walioachwa wapate mahitaji yao ya kutosha, kadiri ya haki, ya mapendo ya kikristu na ya usawa wa asili.

Tunaitimiza? Mwanaume anakuja kwa padri, anasema amewaondoa wawili na amebaki na mmoja. Tunafurahi. Katekista anatoa ushuhuda kwamba ni kweli, hawamo tena katika nyumba. Tunaandika siku ya ubatizo. Wale wawili wamekwenda wapi, na watoto wangapi mgongoni, na shamba gani? Mara nyingi hakuna anayeuliza, na kama tukiuliza, tunauliza kwa hofu ya kwamba watarudi. Hivi sherehe ya mmoja inalipwa na wawili ambao hawakualikwa. Mwezi wa Oktoba 2023 Sinodi ya Maaskofu iliwaomba maaskofu wa Afrika na Madagascar wachunguze tena namna ya kuwasindikiza watu wa ndoa za wake wengi wanaoijia imani. Wateolojia watajadili mambo makubwa, na ni vema. Lakini sehemu ya tatu ya kanuni 1148 haingoji mjadala. Padri wa parokia anaweza kuianza juma hili: mbele ya kuandika siku ya ubatizo, amwite mwanaume pamoja na wazee wa pande zote, wakubaliane juu ya nyumba, shamba na masomo ya watoto wa kila mwanamke anayeachwa, na mapatano yaandikwe na kuwekwa katika masanduku ya parokia pamoja na karatasi nyingine za mkatekumeni. Asiyekubali kuyatia sahihi, bado hajawa tayari kwa maji.