Historia Iliyoandikwa kwa Jembe

Tarehe 13 Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ikaishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vitabu vya vita hupenda kukisimulia kisa hiki kwa kicheko: ati manahodha wawili walikuwa wamezoea kunywa pamoja, na yule Mjerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kisa chachekesha kweli. Lakini Wanyasa wa ufuko ule wako wapi? Nani aliyekata kuni za matanuri? Nani aliyeikokota meli mpaka nchi kavu? Twaonyeshwa Wazungu wawili na ziwa tupu.

Kasoro hiyo si ya wageni peke yao. Baada ya Uhuru wa 1961 tuliandika upya historia yetu, na kazi hiyo ilikuwa ya haki. Tuliwaondoa magavana katika kiti cha mbele, tukawakalisha machifu. Kiti kikabaki kilekile. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya Vita vya Majimaji, anastahili heshima yake yote. Hata hivyo, katika masimulizi ya Wamatengo, Wangoni wa karne ya 19 ndio waliowashambulia na kuwasukuma milimani. Walimu wengine huliruka jambo hili kwa kuogopa ukabila. Kwangu mimi, kuliruka ni kumdharau mwanafunzi: amekwisha kulisikia nyumbani, naye atadhani historia ya darasani ni ya mtihani tu.

Huko milimani ardhi ilikuwa ya mteremko mkali, na mvua ingeweza kuufagia udongo wote bondeni. Wamatengo wakabuni ngoro. Majani hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana hata yakafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuyafunika. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta. Maji hutuama shimoni badala ya kuteremka, majani huoza yakawa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharage, baadaye mahindi. Hakuna chifu anayetajwa kuwa ndiye aliyeamuru hayo. Atazamaye milima ya Mbinga anatazama ukurasa ulioandikwa na watu wasio na majina.

Ila tusiusome ukurasa huo kwa ushabiki. Kwa desturi, mume hufyeka na kulaza majani. Mke ndiye huchimba. Na kahawa ilipoingia zama za ukoloni, fedha yake iliangukia zaidi mikononi mwa waume. Mnyonge naye ana mnyonge wake, na mwandishi anayewasifu “wananchi” kwa jumla humficha huyo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Majimaji. Mwanafunzi wa sekondari wa Mbinga aweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari moja. Na aanze kwa bibi yake: amwulize ni miraba mingapi aliyoichimba kabla ya jua kukaza, na nani aliyezipokea fedha za kahawa.