Mew: Mhusika Asiye na Mahali

Katika mchezo wa video ujulikanao duniani kwa jina la Pokémon, uliotolewa kwanza nchini Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy, mchezaji hupewa kazi moja iliyo wazi: kuzunguka nchi ya kubuni, kukamata viumbe wanaoishi majanini, mapangoni na majini, na kuwaandikisha katika orodha mpaka itimie. Viumbe hao ni 150. Wa 151, aitwaye Mew, hakuwekwa mahali popote ambapo mchezaji angeweza kumkuta, na huyo ndiye aliyetafutwa na kusimuliwa kwa bidii kubwa kuliko wenzake. Jibu litolewalo mara nyingi kuhusu jambo hilo ni kwamba kitu adimu hupendwa. Jibu hilo ni la mfanyabiashara. Si la uongo, ila halimfai mhakiki, kwa sababu halielezi Mew alitengenezwa kwa maneno gani, wala ni nani aliyemtengeneza.

Matini yenyewe humtaja kwa uchache wa ajabu. Katika kisiwa kimoja cha mchezo lipo jumba lililoachwa, na ndani yake zimebaki kurasa za shajara ya watafiti. Kurasa hizo ni nne tu, fupi mno. Tarehe 5 Julai kiumbe kipya kimegunduliwa ndani ya msitu wa Guyana. Tarehe 10 Julai kimepewa jina la Mew. Tarehe 6 Februari kimezaa, na mtoto ameitwa Mewtwo. Tarehe 1 Septemba mtoto huyo amewashinda nguvu waliomlea. Hakuna neno juu ya umbo, rangi wala tabia ya mzazi. Aidha, Guyana ni nchi halisi ya Amerika ya Kusini, na hakuna njia yoyote ya mchezo inayofika huko. Mwana hupatikana, tena hupiganwa naye mwishoni mwa safari. Mzazi amebaki nje ya ramani. Ufundi wa kurasa hizo umo katika kunyamaza kwake.

Kuingia kwa Mew katika kaseti kulikuwa kwa mlango wa nyuma. Shigeki Morimoto, mmoja wa waandishi wa programu wa kampuni ya Game Freak, alimtia mwishoni kabisa mwa kazi, baada ya vifaa vya kusahihishia kuondolewa na kuacha nafasi ya baiti 300 hivi. Wakati huo haikuwa ruhusa kugusa chochote tena. Basi hata kwa watungaji wenyewe Mew alianza kama siri ya ndani, karibu mzaha.

Hadhira ndiyo iliyoukamilisha utungaji. Uvumi ulioenea zaidi ni ule wa lori. Kando ya gati ambapo meli S.S. Anne hutia nanga, katika sehemu ambayo mchezaji wa kawaida hafiki, limeegeshwa lori moja lisilo na kazi yoyote. Ilisimuliwa kwamba anayefanya hila ya kurudi pale akiwa na kiumbe cha kuogelea, kisha akalisukuma lori kwa kiumbe chenye nguvu, atamkuta Mew chini yake. Lori halikusogea kamwe. Hata hivyo yafaa uvumi huo usidharauliwe, kwa maana una mantiki ya hadithi njema: picha ya lori haitumiki mahali pengine popote katika mchezo, na msikilizaji wa hadithi anajua kwamba kilichotajwa bure hakikutajwa bure. Wanafunzi wa fasihi simulizi watatambua pia namna masharti yalivyoongezeka kila hadithi ilipopita mdomo mwingine, kila sharti likieleza kwa nini aliyetangulia hakufaulu. Watungaji walisikia. Katika matoleo mapya ya mwaka 2004, pembeni mwa lori lilelile iliwekwa biskuti. Ni jibu la mcheshi, na pengine ndilo la haki.

Majibu mengine ya wenye mali hayana ucheshi huo. Mwaka 1996 jarida la CoroCoro Comic la Japani lilitangaza kwamba Mew angegawiwa watu 20. Maombi yaliyofika yalikuwa 78,000 hivi. Mwaka 2005 wachezaji wa Japani walipewa ramani ya kisiwa cha mbali, ambako Mew hukimbia na kujificha katika majani marefu, akajulikana tu kwa mtikisiko wa majani hayo. Hilo ndilo toleo rasmi lililo bora, kwani linamruhusu kuendelea kutoonekana hata anapokuwepo. Dhaifu kuliko yote ni la mwaka 2018: Mew aliwekwa ndani ya kifaa cha mkononi kiitwacho Poké Ball Plus, na aliyenunua kifaa alimpata bila hatua hata moja ya safari.

Kati ya matoleo hayo linasimama jambo ambalo hakuna mtungaji aliyelipanga. Mnamo mwaka 2003 wachezaji walieneza habari ya hitilafu katika kaseti za awali. Mchezaji humkaribia mpinzani fulani, na katika hatua ileile ambayo angeonekana, hufungua menyu na kumwamuru Abra, kiumbe mwenye kipaji cha kutoweka, amhamishe mbali. Mchezo hubaki ukiamini kwamba pambano limeanza. Kisha mchezaji hupambana na kijana mwenye Slowpoke ambaye kipimo chake kimoja ni 21, na kurudi alikotoroka. Programu, ikitafuta mpinzani iliyemdai, huisoma 21 iliyobaki katika kumbukumbu kana kwamba ni namba ya kiumbe. Na katika hesabu ya ndani 21 ni Mew. Hutokea papo hapo, wa ngazi ya 7, mdogo, katika kaseti ambayo mchezaji alikuwa nayo miaka yote. Waliosema kwamba yumo walikuwa wamesema kweli, ingawa si chini ya lori.

Hapo ndipo penye ugomvi wa haki ya matini. Kaseti hizo zilipotolewa upya mwaka 2016 kwa mashine ya Nintendo 3DS, hitilafu iliachwa kama ilivyokuwa, na baadaye ikawezekana kuwahamishia viumbe wa kale katika ghala la Pokémon Bank. Mew aliyenaswa kwa njia ya Abra alikataliwa mlangoni. Aliyepita ni yule tu aliyebeba jina na namba ya mgao rasmi wa kampuni.